Nilibeba Mfuko wa Pwani, Nikapewa Jembe

Wenzangu, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, ukweni, mbele ya mjomba mtu. Nimerudi Palma jioni hii, nimeoga, nimekaa barazani, na nawaandikia kwa kidole kimoja. (Kidole chenyewe kina lengelenge.) Kama kuna mtu wa Quionga humu kundini, naomba anyamaze, maana nyinyi habari mnayo tayari.

Chanzo ni mfuko.

Wale msionijua vizuri: mimi ni fundi friji hapa Palma, kwetu ni Mocímboa da Praia, na mimi ni mtu wa kujiandaa. Nikiitwa kutengeneza feni, nabeba na vifaa vya friji, huwezi kujua. Nikienda kula kwa watu, natembea na chumvi yangu mfukoni. Wenzangu mnanicheka, lakini siku chakula kikikosa chumvi mnanitafuta nyote.

Sasa, kuna binti anaitwa Atija. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Palma, anakaa kwa shangazi yake, ila kwao ni Quionga, huko juu ukielekea mto Ruvuma. Nampenda, naye ananipenda, hilo si siri. Kazi iko kwa mjomba wake, Mjomba Sumaili. Kwetu huku mjomba ndiye mwenye kauli. Baba atakubali, mama atakubali, lakini mjomba akikohoa tu, mambo yamelala. Na Mjomba Sumaili alishampa Atija ujumbe aniletee: "Huyo fundi wako naona ana haraka. Nataka hatua kwa hatua. Mshenga kwanza, posa baadaye, mengine yatakuja yenyewe." Mshenga wangu, mzee mmoja wa heshima zake, amepanga kwenda mwezi ujao. Kwa hiyo mpaka mwezi ujao nilikuwa na kazi moja tu duniani: nisionekane nina haraka.

Wiki hii walimu wenzake Atija wakapanga matembezi ya kutwa, wao wanasema "passeio", siku ya Jumamosi, ufukweni upande wa kwao Quionga. Ile miaka mibaya ya vita watu hawakuwa na hamu ya matembezi. Sasa mtu akisema twende tukaoge bahari, bila sababu nyingine yoyote, watu wanafurahi kama watoto. Atija alitangulia Ijumaa, akaniachia ujumbe wa sauti kwenye simu. Naunukuu kama ulivyo, kwa sababu ndio ulionihukumu:

"Njoo na Momade kwa pikipiki yake. Mpite nyumbani umsalimie mama, salamu za mlangoni tu, usikae, kisha mje ufukweni. Na tafadhali, beba kimfuko kidogo. Taulo na maji. Basi."

Taulo na maji, basi! Nikausikiliza tena. Nikasema, huyu mtoto wa watu amekulia kando ya bahari lakini bahari haijui.

Ijumaa nikitoka kazini nikaenda sokoni kwa Dona Laurinda, anayeuza mifuko ya mitumba. Mama huyu ana subira, lakini hata subira ya mtu ina mwisho wake.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Ufukweni. Kutwa moja."

Akanipa mfuko wa wavu, mwepesi. Akasema huu ukiingia mchanga unatoka wenyewe, ukilowa unakauka upesi. Nikakataa. Nikamwambia kila mtu ataona nilichobeba. (Likumbukeni neno hili.) Akanipa mochila, ule mfuko wa mgongoni. Nikasema zipu zake nyembamba, zikila mchanga zimekufa. Akanipa mkoba wa ukindu, umesukwa kwa rangi mbili, mzuri sana kusema kweli, hauogopi maji wala mchanga. Nikauvaa begani, nikajitazama kwenye kioo chake, nikaona mtu anayetoka kununua bamia. Nikaurudisha.

"Kwani wewe hasa unataka nini?"

"Nataka mfuko usiovuja. Uwe na sehemu ya vitu vikavu na sehemu ya vitu vibichi. Uwe na mkanda wa begani na mishikio ya mkononi. Na zipu nene."

Dona Laurinda akanitazama kwa huruma, akaingia nyuma, akatoka anauburuta mfuko wa buluu. Jamani, mfuko! Turubai nje, mpira ndani, zipu ya shaba, mkanda mpana. Mbuzi angeingia humo na akapata nafasi ya kugeuka.

"Unahama?" akaniuliza.

Nikacheka. "Hapana, mama. Nakwenda kuoga bahari."

"Haya," akasema. Kwa namna alivyosema ile "haya", ningekuwa na akili ningerudi kwenye wavu.

Mfuko mkubwa una tabia moja mbaya: hautaki kubaki mtupu. Nilipofika nyumbani nikaanza kwa adabu. Taulo na maji. Vikazama huko chini, hata sikuviona tena. Nikaongeza taulo ya pili, ya miguu. Nikaongeza mkeka, kwa sababu mchanga wa mchana unaunguza. Nikaongeza mto, kwa sababu mkeka ni mgumu. Nikaongeza na mto wa pili, wa Momade, maana namjua, angeomba wangu. Sufuria, kwa sababu walisema samaki watanunuliwa pale pale kwa wavuvi, na samaki hawajipiki. Mwiko. Chumvi. Nguo za kubadili nikitoka majini, nguo za kurudia nyumbani, na nguo nyingine endapo hizo zote zitalowa. Msuli. Kandambili. Mswaki. Kaptura yangu ya kuogelea, ile nyekundu yenye mananasi.

Halafu chandarua. Hapa nina hoja, nisikilizeni. Upande ule kuna mikoko, na penye mikoko pana usubi, na usubi hauna adabu, unaingia mpaka masikioni. Nikawaza, nikitundika chandarua katikati ya minazi, mimi na Atija tutakaa ndani tunaangalia bahari kwa raha zetu, wenzetu nje wanajipiga makofi. Chandarua ninacho kimoja tu, kikubwa, cheupe, cha watu wawili. Nikakikunja vizuri. Bado nafasi ilikuwepo, nikaongeza shuka. (Msiniulize shuka ya nini. Nafasi ilikuwepo.)

Asubuhi Momade akaja na pikipiki. Momade ni rafiki yangu tangu Mocímboa, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Akauzunguka mfuko.

"Umemweka nani humo?"

"Twende bwana, tunachelewa."

Safari yenyewe nisiisimulie sana. Njia ya Quionga ina mchanga, na kila mchanga ukizidi, mimi nashuka, naubeba mfuko kichwani, na Momade anapita peke yake huku anapiga honi. Nilifika jasho linanitiririka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Naomba mnione hivyo hivyo, mtu mchovu, ametoka mbali, mfuko kichwani, anaingia kijijini.

Wa kwanza kutuona alikuwa jirani yao, mama mmoja anayepepeta mpunga. Akasimamisha ungo. Uso wake ukabadilika.

"Kwema huko Palma?"

"Kwema, mama."

"Kwema kabisa? Hakuna habari?"

"Kwema kabisa, alhamdulillahi. Watu wapo sokoni wanauza."

Akashusha pumzi. Akautazama mfuko. Akanitazama mimi. Akautazama tena mfuko, na taratibu uso ukafunguka, akacheka mpaka jino la mwisho. Akaweka ungo chini akatimua mbio kuelekea kwa kina Atija, anaita: "Mama Atija! Mama Atija! Amekuja na mfuko wake!"

Nikamwambia Momade, "Watu wa Quionga wana ukarimu, eh?"

Nikamwona Momade anauma mdomo wa chini.

Tulipofika, sikupata hata nafasi ya kusimama mlangoni nitoe salamu za mlangoni. Dada zake Atija wawili wakatoka mbio, wakaupokea mfuko, mmoja huku mmoja huku, wakaingia nao ndani. Sasa huku kwetu mgeni anapokewa mzigo, ni heshima, huwezi kung'ang'ania ukasema niachieni. Nikawaachia. Mama Atija alikuwa pembeni ya nyumba, kajifunika kapulana, kanga yake, mpaka usoni, kageukia ukuta, anaitikia salamu zangu kwa sauti ndogo. Nikadhani ni jua.

Tukakalishwa barazani. Ikaja chai, ikaja mihogo ya nazi, ikaja samaki wa kukaanga. Nikasema moyoni, salamu za mlangoni za huku ni nzito. Nikala. Momade akala kuliko mimi. Ndani nikawa nasikia watu wanahamisha vitu, kitanda kinaburutwa, wanawake wananong'ona. Halafu, ghafla, vigelegele. Vikali, vya wanawake wengi. Na nje nako majirani wakajibu.

Nikamgeukia dada mmoja wa Atija aliyekuwa analeta sukari, nikamuuliza kistaarabu kabisa: "Kuna harusi jirani?"

Dada yule akaangua kicheko, akakimbia na sukari yake. Momade chai ikampalia. Alipoacha kukohoa akanisogelea.

"Ndugu yangu," akasema, "harusi ni yako."

Kwa wenzangu wa mbali, Dar, Nampula na wapi, niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe nalijua tangu utotoni na leo lilinitoka kichwani. Kwetu huku mwanamume akioa, yeye ndiye anayehama. Anakwenda kwao mke na mfuko wake, wanaupokea, wanauingiza ndani, wanampa jembe, wanamwangalia anavyolima. Mfuko ukishaingia, umeingia, na tangu hapo mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni. Na mfuko mkubwa kama ule wangu, upande huu, watu wanazijua safari zake mbili tu: ama mtu anakimbia vita, ama mtu anahamia kwa mke. Jirani alishaniuliza habari za Palma, nikamwambia kwema kabisa. Sasa ulibaki uwezekano gani? Hakuna mtu wa Quionga anayebeba mzigo wa namna ile kwenda kuoga bahari. Wao bahari ni kazi, wanaiendea na ndoo.

Vigelegele sikuvijali. Nilimwaza mjomba. Hatua kwa hatua, amesema mtu mzima. Mshenga mwezi ujao. Na mimi nimeruka mshenga, nimeruka posa, nimeruka na mahari, nimeingia mpaka kitandani kwa watu. Nikatoa simu nimpigie Atija. Hakuna mtandao. Nikainyanyua juu. Hakuna. Nikapanda juu ya baraza. Hakuna.

"Twende," nikamwambia Momade. "Naomba mfuko wangu tuondoke."

"Uombe wewe," akasema. "Mimi bado nakula."

Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaita pale mlangoni kwa unyenyekevu wote: "Samahanini, wazazi wangu, mfuko ule ni wa pwani..."

"Ingia, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Bibi, nyanya yake Atija. "Ingia uone kama tumekifunga sawa!"

Kukifunga nini? Nikaingia. Mama yangu! Chumba kimefagiwa. Kitanda kimesogezwa katikati. Juu yake chandarua changu, cheupe, kimeshuka pande zote kama cha bi harusi. Shuka yangu imetandikwa. Mito yangu miwili imelazwa sambamba, imegusana. Sufuria yangu pembeni, mwiko ndani yake. Mswaki umesimamishwa kwenye kikombe. Wanawake wamejaa ukutani, na katikati yao Bibi, ameinyanyua kaptura ya mananasi kwa mikono miwili, anaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii suruali, kitambaa kiliwaishia?"

Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikanyoosha mkono niichukue, Bibi akaivuta, na tukiwa vile, mimi nimeshika mguu mmoja wa kaptura na Bibi ameshika mwingine, kicheko kikakatika ghafla. Wanawake wakasogea. Nikageuka.

Mlangoni alisimama Mjomba Sumaili.

Sikuwahi kumwona, lakini sikuhitaji kuambiwa. Mtu mrefu, kofia nyeupe, jembe begani, ametoka shamba. Akanitazama. Akaitazama kaptura. Nikaiachia.

"Chandarua hiki cha nani?" akauliza polepole.

"Changu, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Cha watu wangapi?"

Nikaitazama mito yangu miwili. "Wawili, mjomba. Lakini ni cha usubi."

"Usubi wa Quionga."

"Ndiyo, mjomba."

"Umejiandaa," akasema. Kisha akauliza, "Mshenga wako yuko wapi?"

"Anakuja mwezi ujao, mjomba."

"Mwezi ujao. Na wewe umekuja leo."

Nikasema kwa sauti iliyobaki: "Wallahi mjomba, mfuko huu ni wa pwani. Tunakwenda kuoga bahari na walimu."

Akatazama mito. Akatazama sufuria. Akatazama shuka, akatazama mswaki kwenye kikombe. "Pwani gani hiyo," akasema, "watu wanakwenda na kitanda?"

Hebu nijibieni nyinyi.

"Haya," akasema. Akashusha jembe begani akanipa. Lingine akalichukua nyuma ya mlango. "Twende."

Ningeweza kukataa? Fikirini. Mtu anapewa jembe ukweni, anasema hapana, mimi nakwenda kuogelea? Hiyo posa mwezi ujao mshenga angeirudisha mguu mosi mguu pili. Nikavua viatu. Nikamtafuta Momade kwa macho. Momade, rafiki yangu tangu Mocímboa, alikuwa ameshawasha pikipiki. "Nakwenda kumwambia Atija!" akapaza sauti. Nikamwona anapotea kwenye minazi, na shati lake linapepea. Mtu wa kwenda kumwambia Atija alichukua na kipande cha samaki.

Shamba lenyewe ni la mihogo, nyuma ya nyumba, na jua lilikuwa limeshapanda. Mjomba akashika mstari wake, mimi wangu. Yeye analima hapumui. Mimi kazi yangu ni kukaza skrubu, bega langu halijui kupanda na kushuka. Majirani wakaja kusimama ukingoni, wanatazama mkwe mpya. Mmoja akasema ninalishika jembe kama ufagio. Mwingine akanitetea, akasema bado mgeni. Viganja vikaanza kuwaka moto. Nikawa nawaza bahari iliyo karibu hivyo, maji yake baridi, nami hata kaptura yangu imetekwa.

Tulilima mpaka majirani wakachoka wakaondoka. Hapo nikaona kama sisemi sasa, sitasema tena. Nikasimamisha jembe.

"Mjomba," nikasema, "nampenda Atija. Nataka kumuoa kwa utaratibu wote unaoutaka wewe. Mimi haraka sina. Mwenye haraka ni mfuko."

Mjomba Sumaili akasimama. Akanipa mgongo. Na akakohoa.

Wenzangu, akakohoa! Nimewaambia hapo juu mjomba akikohoa maana yake nini. Akakohoa mara ya pili, kwa nguvu zaidi, mabega yakatikisika. Nikaona maisha yangu yote yanapita, narudi kwa Dona Laurinda, namrudishia mfuko, ananiambia "haya". Nilikaribia kulia, sioni aibu kuwaambia.

Akaendelea kulima. Hakuniangalia. Nami nikalima, sasa bila tumaini lolote, na ajabu yake mtu asiye na tumaini analima vizuri.

Jua likiwa limeshaanza kushuka tukasikia pikipiki. Atija akaja mbio kati ya mihogo, nywele mbichi, kapulana kiunoni, mchanga miguuni. Begani ana mkoba wa ukindu, mdogo, wa rangi mbili, kama ule ule nilioukataa. Akaniona. Akaona jembe. Akaona viganja. Nilidhani atanionea huruma.

"Nilikuambia ubebe nini?"

"Taulo na maji," nikasema.

"Na nini tena?"

"Basi."

Kisha akapiga magoti kwa mjomba wake, akamwamkia, akaanza kunitetea vizuri mno. Akasema yeye ndiye aliyenialika, akasema matembezi ni ya kweli, walimu wote wapo kule, akasema mimi ni mtu wa kubeba vitu, ndivyo nilivyo, hata harusini kwa watu nakwenda na chumvi. Mjomba akawa anamsikiliza, uso umekaza. Na alipofika kwenye chumvi, mjomba akakohoa tena. Safari hii hakuwahi kugeuka. Nikamwona. Mzee alikuwa anacheka! Tangu mchana alikuwa anacheka! Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kofia.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuona tangu unakuja na mfuko kichwani. Nikasema, mtu wa haraka habebi mzigo kama ule. Lakini vigelegele vimeshapigwa, ningefanya nini? Ningewaambia wanawake wavimeze?"

Akaliegemea jembe lake, akatoa kauli. Mshenga asingoje mwezi ujao, aje wiki ijayo, ili hatua zirudi kwenye mstari kabla watu hawajauliza. "Na mito ile nimeiona," akasema. "Kijana anayebeba mto wa pili hajifikirii peke yake. Hilo nimelipenda."

"Lakini ule mto wa pili," Momade akaanza, "ulikuwa wa..."

Nikamkanyaga mguu. Kwa nguvu ya siku nzima.

Tukarudi nyumbani, nimelowa jasho na furaha, Atija ananipulizia viganja njiani wakati mjomba hatazami. Nikaomba sasa nipewe mfuko wangu niwahi Palma. Mama Atija, bado uso ukutani, akamwambia Bibi, na Bibi akaniambia mimi, ingawa tulisikia sote mara ya kwanza: mfuko haiwezekani. Mfuko umeingia mbele ya watu. Ukitoka leo, jirani wa mpunga atasema kijana amefukuzwa, na habari ikifika Palma itakuwa amefukuzwa kwa wizi. Mfuko utamngoja mwenyewe mpaka siku ya nikahi.

"Na vilivyomo?" nikauliza.

Navyo.

"Na kaptura?"

Bibi akasema hiyo kwanza atatafuta kitambaa aiongeze.

Basi nikafungiwa vitu vya njiani kwenye mfuko mdogo wa plastiki, ule wa dukani. Nikapanda nyuma ya pikipiki nikaufungua nione wamenipa nini. Taulo na maji.

Tukiwa njiani mtandao ukarudi, simu ikatetemeka mfukoni, jumbe zote za Atija za asubuhi zikaingia kwa pamoja. Uko wapi. Mbona hamji. Maji leo mazuri. Umebeba kidogo kama nilivyokuambia?

Sasa magharibi imeshaingia hapa Palma, mbu wamepiga hodi, nami nimeingia ndani, nimekaa kitandani bila mto, bila shuka, nimejifunika taulo, najipiga makofi peke yangu. Mshenga nimeshampigia, amekubali, wiki ijayo anakwenda na mkoba wake wa mkononi, nimemsihi uwe mdogo. Anayetaka kucheka acheke, sitamzuia, ila kwanza aniazime chandarua, na tafadhali, kiwe cha mtu mmoja.